Sita ni Mjomba Tsuma

Siku niliyoolewa nilikaa nyuma ya mlango tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi ya alasiri, nimefunikwa leso kichwani, nimekatazwa kusema, nikimsikiliza mume wangu akikosea hesabu. Wanawake wengine wakisimulia harusi zao husimulia ngoma na halua. Mimi husimulia kugawanya, na anayetaka halua akamsikilize mwingine.

Ilikuwa Likoni, mwaka wa 1943. Mwidani alikuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, karani wa stoo, kazi yake kuhesabu madebe ya petroli. Alikuwa amepewa ruhusa ya siku nne na siku tatu zilikwisha njiani na katika mashauri ya wazee. Siku ya nne ndiyo hiyo ya harusi, na feri ya saa kumi na moja ilikuwa lazima imvushe kwenda Kilindini, kwenye meli yao. Meli inakwenda wapi hawakuambiwa, lakini Likoni nzima ilijua ni Bara Hindi kisha Burma, kwa vile siri za serikali zilikuwa zikifika sokoni kabla ya samaki.

Nikaha ilisomwa msikitini baada ya alfajiri, kwa hiyo kisheria nilikuwa mke wa mtu. Kilichobaki ni yeye kuingia chumbani, anishike mkono, tuonane nyuso. Nilikuwa nimemwona mara moja tu maishani, na hiyo mara moja nilimwona mgongo, akipanda mnazi wa jirani. Mgongo ulikuwa mzuri, sikatai. Lakini huwezi kuujua moyo wa mtu kwa kumtazama mgongo, na mimi niliingia chumbani siku ile nikiwa sina furaha wala huzuni, kama mtu anayengoja zamu yake kisimani.

Kwetu bwana harusi haingii bure. Wanawake wa upande wa bibi harusi humzibia mlango wakadai kifungua mlango, wakataniana naye, akatoa shilingi mbili tatu, akapita. Aliyenizibia mimi alikuwa bibi yangu, Mwanarehema, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Aliweka kigoda chake kizingitini, akakaa, akanyoosha miguu.

"Shikamoo, bibi," nikasikia sauti ya Mwidani nje.

"Marahaba, mume wangu," akajibu, kwa sababu kwa utani wetu mume wa mjukuu ni mume wa bibi, na mimi nilikuwa mke mwenziwe.

Mwidani akatoa shilingi tano. Watu wakaguna kwa kustaajabu, maana tano zilikuwa nyingi.

"Zirudishe mfukoni," bibi akasema. "Mimi nataka korosho. Tena sizitaki mkononi, nataka hesabu yake tu. Niambie idadi ndogo kabisa ya korosho nitakayoiweka ndani, akija mgeni mmoja nimpe zote, wakija wawili niwagawie sawasawa, wakija watatu sawasawa, wanne, watano, vivyo hivyo mpaka waje korja nzima, watu ishirini, na isinibakie mkononi hata korosho moja. Ukinitajia, unapita. Usiponitajia, kavuke feri yako."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Chini ya leso nilihisi jasho linanitoka, kwa sababu hesabu ile niliijua. Ilikuwa yetu, mimi na bibi.

Marehemu babu alikuwa akiuza boriti, na boriti huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Kwa babu dunia nzima ilikwenda kwa korja, na bibi akairithi tabia hiyo. Masika moja, nikiwa na miaka kumi na mitatu, tulikuwa tukisuka makuti barazani na mvua imetufungia, bibi akauliza swali hilo la korosho kwa mchezo tu. Yeye hakujua kuandika, mimi nilifundishwa tarakimu na marehemu baba. Basi yeye akifikiri, mimi nikiandika kwa makaa ukutani mwa jiko. Ilituchukua mwezi mzima. Ilipotoka tulicheka mpaka tukashika mbavu, kwa vile korosho zenyewe zilikuwa nyingi kuliko zingeweza kuingia Likoni yote, na bado ndiyo idadi ndogo kabisa iwezayo kazi hiyo. Ukuta wa jiko ulichafuka mpaka leo haujatakata.

Sasa bibi amelichukua jambo gumu kuliko yote aliyonayo na kulibwaga mbele ya askari mwenye saa chache. Nikajua pale pale kwamba hataki mlango ufunguliwe. Kwa nini, sikujua. Nilitaka kumwita, lakini somo wangu, Mwanatatu, mwanamke aliyenifunda unyumba, alikuwa ameketi ubavuni mwangu, na kazi yake ilikuwa kunifinya paja kila nikijitikisa. Bibi harusi akisema kabla mlango haujafunguliwa ni aibu ya mji. Mwanatatu alikuwa na kucha.

Huko nje Mwidani akavunja kijiti, akapiga magoti kwenye uwanja uliofagiliwa, akaanza. Nilikuwa nikimwona kwa ufa wa mlango, kipande kipande, mara sikio, mara kiwiko. Na alichokifanya ndicho alichokifanya kila mwanamume niliyemuuliza hesabu hii baadaye: akachukua moja mara mbili mara tatu mara nne, akaendelea mbele kama gari moshi lisilo breki. Tarakimu zikatoka mlangoni zikaelekea kwenye mafiga. Wapishi wakaambiwa wainue miguu. Mbuzi wa jirani akakanyaga laki mbili, akafukuzwa, laki zikaandikwa upya.

Saa sita bibi akamwuliza, "Umefikisha wageni wangapi?"

"Kumi na wawili, bibi."

"Na korosho?"

Mwidani akasimama akasoma kwa sauti ya gwaride: milioni mia nne sabini na tisa, elfu moja na mia sita. Watu wakapiga makofi.

"Umeipita nyumba, mume wangu," bibi akasema. "Umeipita zamani, nayo iko nyuma yako. Hizo zitagawanyika, lakini mimi nimesema ndogo kabisa. Wageni kumi na wawili tu na tayari ni nyingi mno kwa korja. Rudi mwanzo."

Nilimchukia bibi kidogo na nikamchukia Mwidani zaidi. Nilijisemea moyoni, huyu ndiye niliyepewa, mtu wa kuzidisha tu, hatulii akatazama. Mwanatatu akanifinya kwa kuwa nilihema kwa nguvu.

Basi adhuhuri ikapita, na chakula kikapakuliwa. Mchele mwaka ule ulikuwa wa kutafutwa kwa tochi, kwa hiyo kila sahani ilihesabiwa. Mjomba Tsuma akapewa sahani yake, akaila, akarudi kwa wapishi na sahani tupu.

"Bado moja," akasema.

"Umeshakula, mjomba."

"Nimekula kama mjomba wa bibi harusi. Lakini mamake Mwidani ni binti wa khalati yangu, dadake mama, na kule pia nilialikwa. Nimealikwa mara mbili, na mialiko yote miwili nimeitikia. Nipeni haki yangu."

Mpishi mkuu hakuwa mtu wa mzaha. "Mialiko miwili, mtu mmoja," akamwambia. "Umeingia mlango huu umeingia mlango ule, aliyeingia ni wewe mmoja, na sahani ni moja. Tungempikia kila mtu kwa kila udugu wake, Digo nzima ingekula mara tano, na mchele wa kufanya hivyo hata mfalme hana."

Watu wakacheka. Kisha nikasikia kicheko kimoja kikiendelea wakati vingine vimekwisha, kicheko cha mtu aliyepotelewa na akili. Alikuwa Mwidani.

"Sita ni mjomba Tsuma," akasema.

Watu wakageuka kumtazama.

"Wallahi, sita ni mjomba Tsuma. Wawili amealikwa, watatu amealikwa, basi sita yumo tayari, amekuja na udugu wao. Nami nimempikia tena. Na kumi nimempikia tena, na kumi na mbili."

Mzee mmoja akashauri amwagiwe maji kichwani, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Lakini mimi nyuma ya mlango nilikuwa nimesimama bila kujua kuwa nimesimama. Bibi na mimi ilituchukua siku tisa za mvua kufika hapo, na sisi tulisema hivyo hivyo, yumo na hayumo, tukihesabu wageni waliokwisha kuingia ndani. Mtu huyu alifika peke yake kwa kumtazama mjomba wangu akidai pilau. Mwanatatu akanifinya mara mbili na sikusikia hata moja.

Mwidani akafuta uwanja wote kwa mguu, akaanza upya, na safari hii alisema kila kitu kwa sauti.

"Wawili, korosho mbili. Watatu hayumo, mbili mara tatu, sita. Wanne: nikigawa sita kwa wanne zinabaki mbili, basi wanne hayumo. Lakini nusu yake yumo, maana wanne ni wawili mara mbili, na wawili mmoja tunaye. Anakosa mwenzake tu. Nazidisha kwa mbili, sizidishi kwa nne. Kumi na mbili. Watano hayumo, sitini. Sita?"

"Yumo," akasema mpishi mkuu, aliyekuwa ameacha mwiko.

"Saba?"

"Hayumo," wakasema watu watatu.

"Mia nne na ishirini. Nane?"

Hapo pakazuka ubishi, huyu asema yumo, yule asema hayumo, mpaka wakagawana kokoto mchangani kuthibitisha. Hayumo, lakini anakosa mbili moja tu. Mia nane na arobaini. Tisa anakosa tatu moja, elfu mbili mia tano na ishirini. Kumi yumo. Sasa uwanja mzima ulikuwa ukiitikia, wanawake wenye ngoma wakaanza kupiga dufu kila panaposemwa yumo, na watu waliokuwa wakipita njiani kwenda zao waliingia kuuliza nani yumo. Kumi na moja hayumo, elfu ishirini na saba mia saba na ishirini. Kumi na mbili yumo, dufu. Kumi na tatu hayumo, na Mwidani alipozidisha akapata 360,360, akasimama akaitazama.

"Hebu ioneni," akasema. "Mia tatu sitini, halafu mia tatu sitini tena. Imejirudia."

Vigelegele vikapigwa. Nasema kweli, vilipigwa vigelegele kwa ajili ya nambari, na mmoja wa waliopiga alikuwa mimi, ndani ya leso, kwa mdomo uliofumbwa.

"Kumi na nne?"

"Yumo." Dufu.

"Kumi na tano?"

"Yumo." Dufu.

"Kumi na sita?"

"Yumo," likanguruma kundi zima, na dufu likalia kabla hata hawajamaliza, na Mwidani, maskini, akachukuliwa na ngoma, akaandika mstari akaendelea na kumi na saba.

Nilikaa chini. Hayumo. Kumi na sita anataka mbili nne, ndani zimo tatu, zile za nane. Nane yumo na mbili yumo, ni kweli, lakini mbili huyo ni yule yule aliyekaa ndani ya nane. Wamemwalika mara mbili kama mjomba Tsuma, kosa lile lile walilolicheka, ila limeingilia mlango wa nyuma.

Nikamngojea aligundue. Hakuligundua. Alizidisha kwa kumi na saba, akasema kumi na nane yumo, akazidisha kwa kumi na tisa, na hapo ndipo muda ulipokwenda, maana kuzidisha vile si mchezo na dufu likilia sikioni. Alasiri ikaadhiniwa. Alipomaliza alikuwa amelowa shati.

"Milioni mia moja na kumi na sita, laki tatu, elfu tisini na sita, mia mbili na themanini."

"Siyo," bibi akasema.

Dufu likawekwa chini. Mtu mmoja akasema saa kumi imefika. Kutoka kwetu hadi feri ni mwendo wa nusu saa. Nilimwona Mwidani kwa ufa, safari hii uso mzima, mara ya kwanza, uso mwembamba wenye mchanga kwenye nyusi. Hakukasirika. Alipiga magoti tena, akaanza kukagua kutoka mwanzo, wawili, watatu, wanne, polepole, kama mtu mwenye mwezi mzima wa mvua mbele yake. Nikaona kwamba kwa mwendo ule atafika kumi na sita meli ikiwa imeshatoka bandarini, na mimi nitabaki na mgongo ule wa kwenye mnazi maisha yangu yote.

"Kumi na sita hayumo," nikasema. "Anakosa mbili. Zidisha mara mbili."

Mwanatatu alinifinya mpaka nikatoka damu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kisha bibi akageuka kigodani akaniita jina, akizungumza na mbao za mlango.

"Dhahabu."

"Abee, bibi."

"Unajua anakokwenda?"

"Najua."

"Babu yako alikwenda huko huko, vita vile vya kwanza. Walimchukua kubeba mizigo Tanganyika. Nilimfungulia mlango mimi mwenyewe, nikamfungia na mihogo ya njiani. Hakurudi. Mimi nilitaka feri imchukue huyu kabla hujamwona uso. Mtu usiyemwona uso humlilii miaka ishirini na sita."

Nilitamani kumkumbatia na nilitamani kuuvunja mlango, vyote kwa pamoja.

"Nimechelewa, bibi," nikasema. "Nimemsikia tangu asubuhi akihesabu."

Nilisikia magoti ya bibi yakialika akiinuka. Kisha akasema, si kwangu, "Na wewe mwanamume, mke wako amekwambia zidisha mara mbili. Mbona huzidishi?"

Mwidani akazidisha kwa kichwa, amesimama, bila kijiti. "Milioni mia mbili thelathini na mbili," akasema, "laki saba, elfu tisini na mbili, mia tano na sitini."

Kigoda kikasogezwa. Sitaeleza kelele zilizopigwa. Mjomba Tsuma alipewa sahani ya pili kwa mchango wake katika elimu.

Tulikuwa na robo saa. Mwanatatu akatoka, mlango ukarudishwa, na Mwidani akanishika mkono kama inavyotakiwa, mkono wenye mchanga. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya bwana harusi. Akaniambia, "Na ishirini na moja?"

"Yumo," nikamjibu. "Tatu na saba."

"Ishirini na mbili yumo. Mbili na kumi na moja."

"Ishirini na tatu hayumo," nikasema.

Tukatazamana, tukaanza kucheka, tukacheka kwa kuzibana midomo ili nje wasisikie, na robo saa yangu ya ndoa ilikwenda karibu yote kwa kucheka. Alipoinuka aliniambia ishirini na tatu atamtafuta yeye, nisimtafute mimi. Kisha akakimbia mpaka feri na viatu mkononi.

Alikaa miaka mitatu. Barua zilikuja mbili, zote zimekatwa kwa mkasi wa serikali, na baada ya hapo mwaka mzima hakukuja kitu. Bibi hakuniambia lolote katika mwaka ule. Alisuka makuti ubavuni mwangu, na usiku aliniachia upande wa kitanda wa ukutani.

Ishirini na tatu sikumwacha, bila shaka. Nilimzidisha wiki ile ile Mwidani alipoondoka, nikamsomea bibi, tukaifuta hesabu hiyo ukutani ili mwenyewe asijue tumemtangulia.

Mwaka wa 1946, saa tatu asubuhi, mimi na bibi tulikuwa ndani tukichambua mchele, mlango ukagongwa. Bibi akauliza nani. Hapakujibiwa hodi wala jina. Sauti ilisema, "Milioni elfu tano, mia tatu hamsini na nne, laki mbili, elfu ishirini na nane, mia nane themanini na nane."

Ungo ulinitoka mikononi. Miaka mitatu, bahari nzima kwenda na kurudi, na alikuwa amekosea. Ni mia nane na themanini. Hata mtoto angejua, idadi ya kugawia watu kumi haiwezi kuishia na nane.

Nikamwona bibi machozi yanamtiririka, na huku anafungua kinywa amsahihishe. Nikamziba mdomo kwa mkono wangu, nikaenda kufungua.